Filta ya nano inatoa floraidi kweli? Jibu kwa dada wa Maji ya Chai

Dada mmoja anayeishi Maji ya Chai, Arumeru, ameniuliza hivi, nimefupisha kidogo: "Tunatumia maji ya kisima cha jirani. Mwanangu mkubwa ana miaka 11, meno yake ya mbele yana madoa ya kahawia na shuleni wanamcheka. Mdogo ana miezi 7, ndo ameanza uji. Sasa kuna kaka anapita mtaani anauza filta za nano, anasema zinatoa kila kitu hadi floraidi, na hubadilishi chochote ndani kwa miaka 3. Mama mkwe yeye anasema tupoteze hela za nini, tuchemshe tu maji. Nimsikilize nani?"

Asante sana dada kwa swali, na pole kwa huyo mkubwa, najua hayo madoa yanavyomnyima mtoto raha ya kucheka mbele za watu. Ntajibu kwa urefu maana kuna mambo kama matatu yamechanganyika hapo, na ukiyachanganya unaweza ukatoa hela nyingi na mtoto akaendelea kunywa kile kile.

Nianze na kuchemsha. Mama mkwe yuko sahihi kabisa kama tatizo ni kuhara, typhoid, amiba, vijidudu vyote hivyo moto unaviua. Lakini floraidi sio kijidudu, ni chumvi iliyoyeyuka kwenye maji, haifi na haipandi na mvuke. Kinachopanda ni maji tu, floraidi inabaki chini kwenye sufuria. Chukua lita 10 za maji yenye floraidi miligramu 8 kwa lita, uyachemshe mpaka zibaki lita 8, sasa una maji yenye miligramu 10 kwa lita, yaani umeyaongezea makali. Kwa hiyo usiache kuchemsha, ila yakishachemka vizuri epua, usiyaache yanatokota nusu saa, na usijidanganye kwamba umeshughulika na floraidi. Hivyo hivyo vidonge vya klorini, taa za UV, mitungi ya udongo ya kuchujia, mkaa wa kawaida wa kwenye filta nyingi za madukani, vyote vina kazi yake nzuri lakini kwa floraidi havikusaidii chochote cha maana.

Inatoka wapi hii kitu? Inatoka kwenye mlima wenyewe. Miamba na majivu ya volkano ya Meru na bonde lote la ufa yana madini yenye floraidi, maji yanapopita humo taratibu yanaiyeyusha. Kingine ambacho wengi hawakijui ni kwamba maji ya huku yana sodiamu na bikaboneti nyingi ila kalisiamu kidogo sana. Kalisiamu ingekuwepo ya kutosha ingeikamata floraidi na kuigandisha huko huko chini ardhini, sasa haipo, floraidi inabaki inaelea huru. Ndo maana tatizo hili linafuata bonde la ufa, kuanzia Ethiopia, unashuka Nakuru kule Kenya, mpaka Arusha, Manyara na kuendelea. Maziwa ya Momella hapo juu yenu yana mamia ya miligramu kwa lita. Afu linabadilika sana kwa umbali mfupi, kisima cha huku kina 3 na cha ng'ambo ya korongo kina 15, kwa hiyo mtu asikuambie "maji ya Maji ya Chai yana kiasi fulani", hayo ni maneno ya jumla, wewe unataka namba ya kisima unachochota wewe.

Na kuhusu namba, kuna jambo linapotosha sana watu wazima wa Arusha. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania mwaka 1974 iliweka kiwango cha muda kilichoruhusu hadi 8, kwa sababu maeneo mengine ya vijijini yangekosa maji kabisa wangeweka chini ya hapo, baadaye ikawa 4, na sasa tuko kwenye 1.5. Kwa hiyo mzee akikuambia "kisima hiki kilipimwa zamani kikaonekana safi", anaweza asiwe muongo hata kidogo, kilipimwa kwa kipimo cha enzi hizo. Mwombe karatasi uangalie namba yenyewe, neno "safi" liache.

Sasa ndani ya mwili, maana hapa ndo utaelewa na filta. Jino na mfupa vimejengwa kwa madini yanaitwa apataiti, ni kalisiamu na fosfeti, na katikati yake kuna nafasi ambazo kwa kawaida zinakaliwa na kipande kidogo cha oksijeni na haidrojeni. Floraidi inafanana nacho sana kwa ukubwa na chaji, kwa hiyo inakiondoa na kukaa pale. Ikiwa kidogo ni faida, jino linakuwa gumu dhidi ya kutoboka, ndo maana ipo kwenye dawa ya meno. Ikiwa nyingi wakati jino bado linatengenezwa ndani ya fizi, inazivuruga seli zinazotengeneza enameli (lile gamba gumu la nje ya jino), enameli inatoka na vijitundu vidogo vidogo, jino likishaota vile vijitundu vinanyonya rangi, mwanzo meupe kama chaki baadaye kahawia. Meno ya kudumu ya mbele yanatengenezwa zaidi miaka ya mwanzo kabisa ya mtoto, na mengine yanaendelea mpaka kama miaka 8 hivi.

Unaona hapo inamaanisha nini kwa watoto wako wawili. Mkubwa meno yake ya mbele yalishatengenezwa zamani, filta yoyote leo haitafuta madoa, yeyote anayekuahidi hivyo anakudanganya. Madoa yale anayashughulikia daktari wa meno, anaweza kuyasugua kidogo kwa dawa maalumu au kuyafunika, na kama ni mepesi inatoka vizuri tu. Lakini mkubwa bado anahitaji maji mazuri kwa sababu ya mifupa, maana mtoto anayekua anabakiza floraidi nyingi mwilini kuliko mtu mzima. Kwenye maji ya 3 mpaka 6 kwa miaka mingi mifupa inaanza kuathirika, na kuvuka 10 ndo kunatokea ule ulemavu tunaouona, mgongo kukakamaa, viungo kutokunja. Huyo wa miezi 7 ndo wa kukimbilia haraka kabisa. Mpaka sasa amekuwa salama kwa sababu moja ya ajabu ambayo akina mama wa huku wangeambiwa zaidi: maziwa ya mama hayapitishi floraidi, yana kidogo mno hata kama mama anakunywa maji yenye floraidi nyingi. Siku alipoanza uji wa maji ya kisima ndo siku ulinzi ule ulipungua. Endelea kumnyonyesha, na uji wake uwe wa kwanza kupata maji mazuri hata kama ni lita moja tu kwa siku.

Kuna na suala la ubongo, limesemwa sana siku hizi na limepotoshwa pande zote. Agosti 2024 National Toxicology Program, mpango wa serikali ya Marekani wa kuchunguza sumu, ilitoa ripoti yake, ikasema kwa uhakika wa kiwango cha kati kwamba watoto wanaopata floraidi inayozidi ile ya maji ya 1.5 kwa lita wanaonekana kuwa na IQ (kipimo cha akili) ya chini kidogo. Tafiti nyingi walizotumia zilitoka nchi zenye floraidi ya asili kwenye maji, sio Marekani. Kule wenyewe wanabishana kuhusu 0.7 wanayoweka kwenye mabomba, na ripoti ile haikusema 0.7 ina madhara hayo. Sisi tunaongelea 5, 8, 15. Kwetu hakuna cha kubishana hapo, ni sababu nyingine ya kulichukulia hili jambo kwa uzito kuliko "ni meno tu".

Haya, tuje kwa yule kaka na filta yake.

Watu wakisikia filta ya nano wanadhani ni kitambaa chenye matundu madogo sana kiasi kwamba floraidi inakwama. Sio hivyo. Floraidi ikiwa kwenye maji ni ndogo kuliko nanomita moja, na nanomita ni mita moja ukaigawa mara bilioni. Matundu yanayoweza kuizuia ni ya membreni (utando mwembamba wa kuchujia) za RO, yaani reverse osmosis, na ndugu zake, ambazo zinataka pampu ya kusukuma maji kwa nguvu, haziwezi kufanya kazi kwenye ndoo mbili zilizopandana. Filta za ndoo zinafanya kazi kwa njia nyingine, kuna kitu ndani kinachonasa floraidi kwenye uso wake. Na hapo ndo nano ina maana ya kweli, sio ya matangazo tu. Mchemraba mmoja wa sentimita 1 una uso wa sentimita za mraba 6 basi. Ukiukatakata mpaka vimichemraba vya nanomita 10, madini ni yale yale kwa uzito lakini uso jumla unakuwa mita za mraba 600. Kwa hiyo gramu chache zinakuwa na sehemu nyingi mno za kunasia.

Na unajua moja ya vitu vinavyonasa vizuri ni nini? Apataiti ile ile ya kwenye jino. Ndo maana hapo Ngurdoto, kilomita chache kutoka kwenu, wataalamu wa wizara ya maji kwa miaka mingi wamefanyia kazi mkaa wa mifupa ya ng'ombe, mifupa inachomwa kwenye hewa kidogo, nyuzi 400 mpaka 500 hivi, inasagwa chengachenga, maji yanapitishwa humo. Ule mfupa unaivuta floraidi kwa kemia ile ile ambayo mfupa wa mtoto ungeivuta. Ikichomwa vibaya ikabaki na mafuta maji yananuka, ikichomwa moto mkali mno ikawa nyeupe pee uwezo wake wa kunasa unashuka. Nakuru nao wametumia sana njia hii. Watafiti wa nano wanachofanya ni kutengeneza apataiti yenye chembe ndogo zaidi, au oksidi za aluminiamu, magineziamu, zikoniamu, zenye hamu zaidi na floraidi.

Ila uso ukiwa mkubwa namna gani bado una mwisho. Ni kama viti vya daladala, kila floraidi inayonaswa inakaa kiti kimoja, viti vikiisha abiria wengine wanapita moja kwa moja mpaka kwenye glasi ya mtoto, na kwa macho wala kwa ulimi hutajua kwamba vimeisha, maji yataonekana yale yale. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni hili: ndani kuna kilo ngapi, na kila gramu inashika miligramu ngapi za floraidi kwenye maji ya huku?

Tupige hesabu. Chukulia kisima chenu kina 8 na mnataka ishuke mpaka 1, maana yake kila lita inatakiwa kuacha miligramu 7. Familia yenu itumie lita 20 kwa siku za kunywa na kupikia. Kwa miaka 3 ni lita 21,900, mara 7 ni miligramu 153,300, yaani gramu 153 za floraidi. Mkaa wa mifupa tukiukadiria unashika miligramu 1 kwa gramu, utahitaji kilo 153 humo ndani, ndoo gani hiyo? Tumfanyie upendeleo tuseme ana nano nzuri sana inashika 10 kwa gramu, bado zinahitajika kilo 15. Muulize filta yake ina kilo ngapi. Kama ni mfuko wa gramu 300 basi hata kwa upendeleo huo inashika miligramu 3,000, gawanya kwa 140 mnazohitaji kutoa kila siku, ni wiki tatu. Hivyo "miaka 3 hubadilishi chochote" kwa floraidi haiwezekani, haijalishi imetoka nchi gani. Labda ganda la plastiki ndo litakaa miaka 3.

Na hesabu hiyo hiyo inakuonyesha kwa nini filta ya shoga yako wa kijiji kingine sio ushahidi. Kilo 5 za mkaa wa mifupa kwenye maji ya 8 zinatoa lita kama 700, mwezi na siku kadhaa. Kwenye maji ya 15 zinatoa lita 350 tu, wiki mbili na nusu. Filta moja, nyumba mbili, majibu mawili.

Niseme na kuhusu tafiti zenyewe kwa sababu muuzaji anaweza kukuonyesha karatasi ya kisayansi yenye namba kubwa, eti inashika miligramu 50 au 100 kwa gramu. Karatasi inaweza kuwa ya kweli kabisa. Tatizo ni jinsi wengi wetu watafiti tulivyozoea kupima: unachukua maji yaliyosafishwa maabara, unaweka floraidi nyingi mno, unarekebisha pH (kipimo cha asidi ya maji) ishuke kwenye 5 au 6 ambako alumina, yaani ile oksidi ya aluminiamu, inapenda, unatikisa, unapata namba nzuri unaichapisha. Maji ya Arumeru hayako hivyo. Yana bikaboneti zinazogombania viti vile vile, pH iko juu, na kuna ile rangi ya chai iliyowapa hata jina la kijiji, mabaki ya mimea yaliyoyeyuka, nayo yanaziba uso. Ukileta ile nano bora ya maabara kwenye maji halisi, uwezo unaweza kushuka vibaya sana. Linanikera hili kwa kweli, kila mwaka zinatoka karatasi nyingi za vitu vipya vya kunasia floraidi na chache tu zimeguswa na maji ya kisima cha mtu.

Wapo waliofanya vizuri na nawaheshimu. Dokta Askwar Hilonga wa chuo cha Nelson Mandela hapo Arusha, mzaliwa wa Gongali, Karatu, aliunganisha filta ya mchanga na vitu vya nano na mwaka 2015 akapata Tuzo ya Afrika ya uvumbuzi wa kihandisi kutoka Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Kitu nilichokipenda kwenye wazo lake kuliko hata nano yenyewe ni kwamba filta inapangwa kulingana na maji ya mahali husika, sehemu yenye floraidi inapata cha floraidi, sehemu yenye tatizo lingine inapata kingine. Yaani maji yanapimwa kwanza. Kuna pia watafiti wa Karlsruhe, Ujerumani, waliokuja na membreni zinazosukumwa na umeme wa jua wakajaribu kwenye maji ya kaskazini mwa Tanzania, Mdori kule Manyara kwenye floraidi kali kabisa na vyanzo vya Meru pia. Membreni inaweza kufanya kazi ambayo ndoo haiwezi, na rangi ya chai nayo inatoka, ila huo ni mradi wa shule au kijiji, sio wa jikoni, na inabakiza maji machafu yenye floraidi iliyokolea ambayo lazima ujue utayamwaga wapi, usije ukayarudisha kwenye mfereji wa ng'ombe.

Sasa ufanye nini wewe wiki hii. Kwanza pima. Chukua chupa mbili safi za plastiki (floraidi wanapendelea plastiki kuliko kioo), jaza maji ya kisima, peleka maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji Arusha au ulizia Ngurdoto. Kama yule kaka yuko tayari kukuachia filta ya majaribio, peleka na maji yaliyopita kwenye filta, lakini sio ya siku ya kwanza, ya siku ya kwanza hata filta mbovu inafaulu. Peleka ya baada ya wiki tatu za kuitumia kama kawaida. Akikataa jaribio hilo umeshapata jibu lako bila kulipa.

Pili, gawa maji. Kuoga, kufua, kudeki, tumia kisima bila wasiwasi, floraidi haipiti kwenye ngozi kwa kiasi cha kukudhuru. Yanayohitaji kuwa mazuri ni ya kunywa na kupikia tu, hizo lita 20. Na kwa hizo, kabla hujanunua nano ya mtu, angalia bati lako. Maji ya mvua yana floraidi kidogo sana. Paa la mita za mraba 40, mvua ya milimita 50, ni lita 2,000 kabla ya kutoa kidogo ya kupotea, simtank moja karibu imejaa, hiyo ni kama miezi mitatu ya kunywa na kupikia, na masika ya Arusha hayaleti milimita 50 peke yake. Acha mvua ya mwanzo ioshe bati kwanza, funika tanki vizuri, na haya ndo yachemshe kwa ajili ya vijidudu kama mama mkwe anavyosema. Simtank ni hela nyingi kwa mara moja, najua, lakini haijai viti.

Tatu, magadi. Ukipika makande au maharage kwa magadi ili yaive haraka, magadi mengi ya huku kwetu yana floraidi nyingi, na watafiti wa Tanzania wameyahusisha na meno ya watoto hata sehemu ambazo maji hayana tatizo. Loweka maharage usiku, magadi yaache, hasa kwa chakula cha watoto. Chai ya rangi kwa mtoto mdogo nayo usimpe, majani ya chai yenyewe yana floraidi yake. Mpe maziwa, dagaa, mboga za majani, kalisiamu ya kwenye chakula inasaidia floraidi isinyonywe yote tumboni. Dawa ya meno mkubwa aendelee nayo ila ateme, asimeze.

Ukiamua kununua filta, iwe ya mkaa wa mifupa au ya nano, nunua kwa mtu atakayekuandikia mambo mawili kwenye karatasi: baada ya lita ngapi kwa maji ya namba yako inabadilishwa, na ile iliyojaa anairudisha au unaitupa wapi. Ile iliyotumika imebeba floraidi yote mliyookoa, wengine wanaiosha kwa caustic soda, ile soda kali ya viwandani, ikatumika tena, na hiyo sio kazi ya kufanyia jikoni. Usiimwage bustanini wala karibu na kisima.

Majibu ya maabara yakitoka niandikie namba ya kisima, namba ya baada ya filta kama utaipata, na uzito wa kile kilichomo ndani, ntakupigia hesabu ya siku zako.